Nasaba Niliyotumwa Kuitafuta



Ninayo habari ya nyumbani kwetu ambayo nimekaa nayo kifuani kwa muda wa mwaka mzima. Nimeona niiandike, si kwa kuwa sisi ni watu mashuhuri, bali kwa kuwa nadhani nyumba nyingi za pwani hii zina sanduku kama letu, na huenda na wewe unalo chini ya kitanda na hujapata kulifungua. Majina ya watu wetu nimeyaacha nje ya ukurasa huu, kwani wengine wako hai, na waliokufa wana wajukuu.

Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale. Tangu nilipopata akili nilikuwa nikisikia kila Idi, tukikusanyika kula, kwamba babake babu yetu alitoka Shihri, mji wa bandari katika nchi ya Hadhramaut, akaja na jahazi lake mwenyewe limejaa tende na samli, akanunua kiwanja, akajenga nyumba, akaoa, akazaa, na sisi ndio kizazi chake. Sebuleni palitundikwa jambia moja lililoliwa na kutu, na kila mtoto wetu alionyeshwa jambia lile kabla hajajua kusoma alifu. Nasema haya na mimi mwenyewe nimo, maana mwanangu wa kwanza nilimbeba mabegani ili aliguse.

Basi mwaka jana alikuja kijana mmoja kumposa binti wa ndugu yangu mdogo. Kijana mwenyewe ni mwalimu, haachi swala, hana madeni, na msichana amemridhia. Wazee wakakutana sebuleni, na ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, akauliza neno moja tu: "Asili yake ni nani?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Tulilolijua ni kwamba babu yake kijana alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, na zaidi ya hapo hatujui. Ami akasema kijana huyo si kufuu yetu. Tena akasema kwamba maneno haya hayafai kurudiwa kila anapotokea mposaji, na kwa hivyo ni bora nasaba yetu iandikwe juu ya karatasi nzuri, itiwe kioo, itundikwe pembeni mwa jambia, kila ajaye aione na ajipime mwenyewe.

Nikachaguliwa mimi niifanye kazi hiyo, kwa kuwa marehemu baba alinifundisha kusoma khati za kale, na kwa kuwa nimestaafu. Nilikubali kwa furaha. Sitaki kukuficha, msomaji: niliondoka pale kama mtu aliyetumwa akahesabu mali yake.

Nilianza kwa shangazi, dadake baba, ambaye umri wake umepita miaka 90 na macho yake hayaoni vyema tena. Yeye ndiye aliyerithi kasha la njumu lililokuwa na karatasi za nyumba. Aliponipa ufunguo alinishika mkono akanambia, "Usome zote, mwanangu. Usichague." Wakati ule sikumwelewa, nikadhani ni maneno ya uzee.

Karatasi zilikuwa nyingi, na nyingine mchwa wamekwisha zisoma kabla yangu. Nyingi ni za Kiarabu, chache ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilikuwa nikikaa nazo baada ya Isha, nina kioo cha kukuzia maandishi, na usiku mwingine nilipata mstari mmoja tu.

Ya kwanza iliyonizindua ni barua kutoka Shihri. Ndugu yake babake babu anamlaumu kwamba misimu miwili imepita na hapana kitu kilichofika; kisima kimekauka, nafaka imepanda bei, na nahodha aliyemchukua bado anadai nauli yake na amekwisha kuja mlangoni mara mbili. Barua imeelekezwa kwake kwenye chumba cha mahamali, karibu na forodha ya Mombasa.

Nahodha anadai nauli. Basi lile jahazi lake mwenyewe, je?

Hapa yanipasa nikueleze kidogo habari ya watu hawa, maana wengi wetu twajiita kwa majina yao bila ya kuwajua. Hadhramaut ni nchi ya mabonde na mvua chache. Katika karne ya 19 watu wake walisumbuliwa na ukame na vita, khususan vita baina ya Kathiri na Qu'aiti, wakatawanyika duniani: wako waliokwenda Java, wako waliokwenda Haydarabadi huko Bara Hindi wakawa askari, na wako walioteremka na pepo za kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hata Machi. Vyombo vilikuja nayo vikileta tende, papa wa chumvi na mikeka, na kusi ikisimama vikarudi na boriti na mtama. Wako waliokuja na elimu, na pwani hii ikanufaika nao sana. Wako waliokuja na mtaji. Lakini wengi walikuja na mabega yao tu. Wakachukua mizigo, wakachota maji visimani, wakauza kahawa wakipita vichochoroni wakigonganisha vikombe, wakalala watu kumi chumba kimoja ili wasaze cha kupeleka kwao. Kwa vile wengi walipandia chombo katika bandari ya Shihri, watu wakawaita Washihiri wote, na kwa muda mrefu neno hilo na neno hamali yalikwenda pamoja.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alikuja Mombasa kiasi cha mwaka 1888, kwa hesabu niliyoifanya kutokana na barua, akiwa na deni la nauli shingoni. Mimi sioni aibu katika kazi hiyo. Aibu niliiona katika uwongo wetu. Sijui ni nani kwetu aliyempandisha kutoka hamali hata akawa mwenye chombo. Nadhani hakuwa mtu mmoja. Kila Idi ilimwongezea ubao, mpaka jahazi likatimia.

Karatasi ya pili ni risiti ya mwaka 1309, yaani 1891 au 1892 kwa miladi. Mwakilishi wa nahodha yule anakiri kuwa amepokea riale 9, ndizo baki ya deni, na kwamba mzee wetu hadaiwi tena. Halafu panafuata maneno ambayo niliyarudia mara tatu kwa kudhani macho yananidanganya: fedha zimepokewa kwa mkono wa mkewe, mwanamke mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni yeye, mwanamke.

Nikaanza kutafuta habari za mwanamke huyo, na hapo ndipo nilipotanabahi kuwa katika miaka yangu yote, Idi zote hizo, sikupata kusikia jina lake. Tulikuwa tukimtaja babake babu, na ndugu zake, na kabila lake, na hata nahodha. Yeye hatukuwa tukimtaja, kana kwamba babu alizaliwa na jambia.

Chini kabisa ya kasha palikuwa na kitu kidogo kilichoshonewa ndani ya kipande cha kaniki. Nilidhani ni hirizi, nikasita. Shangazi akasema, "Fumua." Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kubwa kama kiganja. Ilikuwa hati ya uhuru. Mwungwana mmoja wa Mombasa anashuhudia kwamba amemwacha huru mjakazi wake fulani binti Abdalla kwa kutaka radhi ya Mwenyezi Mungu na kuogopa adhabu yake, na kwamba tangu siku ile hapana mtu mwenye mamlaka juu yake. Wako mashahidi wawili, na tarehe ni ya Rajabu 1301, yaani kiasi cha Mei 1884. Wewe unajua, msomaji, maana ya "binti Abdalla" katika karatasi kama hizo. Mara nyingi ni kwamba babake hakujulikana hapa, basi akaitwa binti wa mja wa Mungu, kwani sote tu waja wake.

Wakati ule utumwa ulikuwa haujakatazwa na serikali. Unguja na Pemba ulikomeshwa kisheria mwaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanamke yule alikuwa akiishi baina ya watu ambao wangeweza kumkana uhuru wake siku yoyote, ndiyo maana karatasi ile ilishonewa kaniki. Nadhani alikuwa akiivaa.

Shangazi alinambia kwamba wazee walisema alikuwa Mnyasa. Ikiwa ni hivyo, basi hakuja kwa pepo za kaskazi kama babake babu. Watu wa Nyasa waliletwa kwa miguu hata Kilwa. Kisha baada ya Sayyid Barghash kutia sahihi mkataba wa Juni 1873 wa kuzuia biashara hiyo baharini, wafanyabiashara waliwapitisha nchi kavu kuelekea kaskazini, mwendo wa miezi, hata Sayyid akakataza na misafara hiyo mwaka 1876. Alikuwa mtoto. Hakuna barua iliyomfuata kutoka kwao kumwuliza kwa nini haleti kitu.

Nilibakiwa na swali la nyumba. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa karani wa mambo ya ardhi akanikumbusha kuwa sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai ya viwanja vyao, na kila mdai aeleze kimemfikiaje. Nilitafuta kwa wiki kadhaa, nikafukuzwa dirisha moja na kukaribishwa jingine, mpaka nikapata nakala. Mdai si babake babu, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kufa. Mdai ni yeye mwenyewe, na chini yake pana alama ya kidole gumba.

Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza na karani aliyekuwa akimfasiria. Aliulizwa kama nyumba ni urithi wa mumewe. Akajibu kwamba la, mumewe alimkuta nayo. Akaulizwa kiwanja alikipataje. Akajibu kwamba alikinunua, akamtaja aliyemwuzia na majirani wa pande zote nne. Akaulizwa pesa alizipata wapi. Hapo karani ameandika neno moja kwa herufi za Kizungu bila ya kulifasiri, yamkini hakujua alifasiri vipi: mofa.

Kwa vijana wasiolijua, mofa ni mkate wa unga wa mtama, na tanuri lake ni la udongo, kama mtungi mkubwa uliofukiwa chini mdomo ukabaki juu. Moto hukokwa ndani, na ukishatulia mpishi huingiza mkono na kuubandika mkate ubavuni mwa tanuri, kisha huuingiza tena kuubandua. Mkono huingia motoni mara mbili kwa kila mkate. Mtama wenyewe ulikuwa mwingi, kwani Malindi ilikuwa imefufuliwa tangu miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, na mashamba yake yalikuwa yakilisha mpaka Arabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mkate kama huo ni chakula cha watu wa Hadhramaut huko kwao, na hamali aliyeshinda na gunia mgongoni hana wa kumpikia. Kwa hivyo sioni ajabu ya vipi wawili hawa walijuana.

Mwanamke aliyekuwa mali ya mtu alinunua ardhi kwa mikate, kisha akamkomboa mumewe Mwarabu katika deni. Hii ndiyo nasaba niliyotumwa kuitafuta nije nimpime nayo yule mwalimu.

Nilikaa na karatasi hizo siku nyingi bila ya kusema. Nilijua vitabu vya fiqhi vina mlango wa kufuu, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii wanavyuoni wametaja ndani yake nasaba, na uungwana, na hata kazi ya mtu. Mimi si mwanachuoni wa kubishana nao. Lakini nilijua pia kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alimwoza Zayd, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, kwa Zaynab, binti wa shangazi yake mwenyewe. Na nilijua kuwa Bi Hajar, mamake Nabii Ismail, alikuwa mjakazi. Mambo hayo nilikuwa nikiwasomesha watoto kila mwaka. Nilikuwa nikiyasoma kama habari za watu wa mbali.

Siku ya kusoma ilipofika tulikusanyika sebuleni. Nilisoma zote, kama nilivyoagizwa na shangazi, barua, risiti, hati na madai. Nilipomaliza hapakuwa na aliyesema neno kwa muda. Kisha ndugu yangu mdogo, babake msichana, akasema polepole, "Basi babu yake kijana na babu yetu walikuwa kazi moja." Binamu yetu mmoja akainuka akatoka. Ami akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kufumua vitu vya watu.

Shangazi ndiye aliyejibu. Alisema, "Nimempa mimi. Na mimi nilimuona huyo mnayeshangaa habari zake. Nilikuwa na miaka 7 au 8. Mikono yake ilikuwa haina malaika hata mmoja, kuanzia vidoleni mpaka hapa," akaonyesha kiwiko. "Wageni wakija alikuwa akipelekwa jikoni, na mimi nilikuwa nikikaa naye. Siku ya Idi alikuwa akila jikoni ndani ya nyumba yake."

Mtu mmoja akauliza ni nani aliyekuwa akimpeleka jikoni. Shangazi akanyamaza, kisha akasema kuwa ni babu, mwanawe wa kumzaa. "Hakuwa mtu mbaya," akasema. "Alitaka watoto wasome."

Neno hilo limenishughulisha kuliko yote. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wa pwani hii kama mtu anavyochambua mchele: huyu Mwarabu, huyu Mhindi, huyu mwenyeji. Kodi ikawa mbali mbali, shule mbali mbali, na viti vya baraza mbali mbali. Mwanamume mwenye baba Mshihiri na mama Mnyasa alikuwa na mlango mmoja uliofunguka na mmoja uliofungwa, na ufunguo ulikuwa ni kunyamaza. Marehemu baba alisomeshwa, na kwa elimu hiyo alinisomesha mimi khati ambazo kwazo nimemsoma nyanyake. Siwezi kumhukumu babu. Wala siwezi kuyasahau maneno ya jikoni.

Walii wa msichana ni babake, na babake ameshajibu posa, amekubali. Lakini wewe unajua ada zetu: kwetu haifungwi ndoa mkubwa wa nyumba akiwa amenuna, na ami aliapa siku ile kuwa hatahudhuria. Karatasi ya nasaba nimeiandika, na juu kabisa nimeandika majina mawili pamoja, lake na la mumewe. Iko kwangu, haijatundikwa.

Nimekuwa nikienda kwa ami kila Ijumaa baada ya swala. Hunipokea, hunipa kahawa, na jambo lile halitaji, nami silitaji. Ijumaa iliyopita nilipokuwa nikivaa viatu niondoke aliniita nirudi.

"Ulisema alikuwa akiuza nini?"

"Mofa, ami."

Akakaa kimya akiutazama mkono wake. Kisha akanambia kuwa walipokuwa watoto palikuwa na shimo la udongo pembe ya uani, limeungua ndani likawa jeusi, na wao wakilichezea wakitupa mawe. Walikuwa wakiambiwa ni mtungi wa maji uliovunjika wa tangu zama za babake babu. Limefukiwa walipotia sakafu ya saruji.

"Ni upande wa kibla," akasema. "Njoo kesho na mtu mwenye sururu."